MADA YA TISA: Maadili ya Kazi ya Mwalimu wa Elimu ya Awali

Kabla hujakariri fasili ya neno maadili, likumbuke kwanza darasa lako la kwanza kabisa maishani. Wengine mnaliita chekechea, wazee wetu waliliita vidudu, na Zanzibar huitwa maandalizi. Huenda umesahau karibu yote uliyofundishwa humo. Mwalimu wako, hata hivyo, unamkumbuka: kama alikuwa mpole, au kama alikuwa na kawaida ya kufinya masikio.

Mada hii inaanzia hapo. Mtoto wa miaka 4 au 5 hawezi kumkosoa mwalimu wake, hajui ofisi ya kupeleka malalamiko, na mara nyingi hajui hata kwamba alichotendewa ni kosa. Wewe ukionewa utasema nyumbani, utaandika karatasi na kuitumbukiza kwenye sanduku la maoni, au angalau utawasimulia wenzako. Mtoto wa awali hulia, kisha hunyamaza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usalama wake darasani inategemea mwalimu anavyojizuia wakati hakuna mtu mzima anayemwona.

Ukilishika jambo hilo, maswali mengi ya mada hii utayajibu bila kukariri. Usipolishika utaandika hoja ambazo wasahihishaji wamezichoka: mwalimu awe msafi, asiwe mlevi, awahi kazini. Hoja hizo si za uongo, lakini zinamfaa pia karani wa benki na dereva wa basi. Swali linapotaja mwalimu wa awali, kila hoja yako ioneshe kwamba unayemzungumzia anakaa na watoto wadogo.

Maana ya maneno ya msingi

Maadili ni mwenendo unaokubalika katika jamii, unaomwongoza mtu kutofautisha jema na baya. Maadili ya kazi ni kanuni na miiko inayowaongoza watu wa kazi fulani katika kuitenda kazi hiyo. Elimu ya awali ni elimu anayopewa mtoto kabla ya kuanza darasa la kwanza.

Sheria na maadili vinahusiana lakini si kitu kimoja. Sheria huweka kiwango cha chini, na ukishuka chini yake unaadhibiwa. Maadili hudai zaidi ya hapo. Hakuna sheria inayomtaka mwalimu achuchumae ili uso wake ulingane na wa mtoto anapomsikiliza, wala inayomkataza kucheka mtoto anapotamka "lula" badala ya "rula". Mwalimu mwenye maadili hufanya la kwanza na huacha la pili, ingawa hakuna mkaguzi atakayemuuliza.

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayowapotezea watahiniwa alama nyingi: wajibu na mtanziko. Wajibu wa kimaadili ni jambo ambalo mwalimu lazima alitende, hata kama ni gumu, linatia aibu au litamgombanisha na watu. Mtanziko wa kimaadili ni hali ambapo wajibu mbili halali zinagongana, na kutimiza mmoja kunaumiza mwingine. Katika wajibu mwalimu hajiulizi "nifanye au nisifanye?" Anajiuliza "nifanyeje vizuri?" Katika mtanziko lazima apime na kuchagua, kisha aweze kueleza sababu za uchaguzi wake. Tutairudia tofauti hii kwa mifano miwili, kwa sababu watu wazima wengi huita mtanziko kila jambo wanaloliogopa.

Misingi ya kisheria Tanzania

Sehemu hii isome haraka. Mtihani hauhitaji uwe mwanasheria, ila ukitaja sheria itaje kwa usahihi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi. Sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima, na kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za umma kuanzia awali hadi kidato cha nne. Watoto wakaja wengi kuliko madarasa yaliyokuwepo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwalimu mwenye watoto mara tatu ya idadi hiyo hubeba mzigo ambao si kosa lake, na jibu zuri hulikubali hilo bila kuligeuza kuwa ruhusa ya kupiga.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inataka maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza kuzingatiwa katika kila linalomhusu. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011. Zote mbili zinaendana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Kuna vyombo viwili ambavyo wanafunzi huvichanganya. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, hushughulikia utumishi na nidhamu ya walimu walioajiriwa na serikali katika shule za awali, msingi na sekondari. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2018, inahusu ualimu kama taaluma, pamoja na usajili wa walimu, wawe wa serikali au wa binafsi. Chama cha Walimu Tanzania ni kitu kingine: hicho ni chama cha wafanyakazi, kazi yake ni kutetea wanachama. Usikiandike mahali pa Tume.

Wajibu kwa mtoto

Waandishi wa kanuni za maadili katika nchi mbalimbali huugawa wajibu wa mwalimu wa watoto wadogo katika pande nne: kwa mtoto, kwa familia, kwa wafanyakazi wenzake na kwa jamii. Kanuni za chama cha kitaifa cha walimu wa watoto wadogo cha Marekani, zilizopitishwa mwaka 1989, zinaweka katazo moja juu ya mengine yote, kwamba mwalimu asimdhuru mtoto. Mpangilio huo una mantiki. Pande hizo zikigongana, wa mtoto hutangulia, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kujitetea.

Tuanze na fimbo, maana swali lake haliepukiki. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, zinataka vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na zinataka adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kwa hiyo mwalimu wa awali anayetembea na kifimbo kwapani na kumgonga mtoto vidoleni kwa kushika penseli vibaya hana kanuni inayomlinda. Zaidi ya hapo, kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, na kinasema kwamba kumrudi mtoto hakukubaliki ikiwa mtoto huyo, kwa uchanga wa umri wake, hawezi kuelewa sababu ya kurudiwa. Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha mfikirie mtoto wa miaka minne aliyechapwa saa nne kwa kosa la saa mbili.

Madhara hayatoki kwenye fimbo peke yake. Mtoto amejikojolea darasani. Mwalimu mmoja anamtoa nje kimya, anamsaidia kubadilisha nguo, anamrudisha kwenye kona ya michezo na somo linaendelea. Mwalimu mwingine anasema kwa sauti, "Kikojozi huyo!" na darasa zima linacheka. Huyu wa pili hakumgusa mtoto hata kwa ukucha. Lakini watoto wa umri huo huiga kila asemalo mwalimu, na jina lililotoka mdomoni mwake saa tatu asubuhi huenda mtoto akatembea nalo mpaka darasa la saba. Ukipewa mfano kama huu, sema waziwazi kwamba udhalilishaji ni dhara, kisha eleza kwa nini. Vitisho vya "nitakufungia stoo" na "nitamwita polisi" vina uzito uleule, na cha pili kina ubaya wa ziada. Mtoto huyo akipotea sokoni kesho, atamkimbia polisi ambaye angemsaidia.

Usawa nao una sura yake katika darasa la awali. Haitoshi kuandika kwamba mwalimu asibague dini wala kabila. Jiulize ni nani anayekaa mbele kila siku, nani hutumwa kugawa vikombe vya uji, nani huitwa kwa jina na nani huitwa "wewe". Mtoto anayetoka nyumba inayozungumza Kisukuma au Kihaya tu huingia darasa la Kiswahili akiwa kama mgeni. Akijibu kwa lugha ya mama yake amejibu, na mwalimu anayemcheka amemfundisha kunyamaza. Mtoto mwenye ulemavu akiachwa mkekani wenzake wanapotoka kucheza kwa sababu "atatuchelewesha", huo pia ni ubaguzi, hata kama mwalimu anampenda.

Kisha kuna mipaka ya mwili na usalama. Watoto hawa husaidiwa chooni, hubebwa, huvuliwa sweta. Kazi yenyewe inamkaribisha mwalimu kwenye mwili wa mtoto kuliko kazi nyingine za ualimu. Ndiyo maana mwalimu mwadilifu hamsaidii mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, humfundisha kujisafisha mwenyewe kadiri anavyokua, na humwambia mwenzake, "Nampeleka chooni." Utaratibu huo unamlinda mtoto, na unamlinda mwalimu dhidi ya kusingiziwa. Wakati wa kutoka pia ni hivyo hivyo: mtoto hukabidhiwa kwa mtu aliyetajwa na mzazi. Akija kijana wa bodaboda ambaye mwalimu hamfahamu na kusema, "Nimetumwa na mama yake," mtoto hatoki mpaka mama apigiwe simu. Kijana atanuna. Anuna tu.

Wajibu kwa mzazi

Mzazi ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu mtoto wake, na ana haki ukweli huo usisikiwe na mtaa mzima. Mazungumzo kuhusu afya ya mtoto, dawa anazotumia, baba aliyeondoka au deni la nyumbani hayafanyiki mlangoni wazazi wengine wakiwa kwenye foleni.

Kusema ukweli kuna mpaka wake pia. Mwalimu wa awali huwa mtu wa kwanza kuona kwamba mtoto haitiki anapoitwa jina, au hatazami usoni. Anachopaswa kumweleza mzazi ni alichokiona: mara ngapi, wakati gani, akifanya nini. Hapaswi kutamka jina la ugonjwa au ulemavu, kwani yeye si daktari. Mwalimu anayesema, "Mama, mwanao ana usonji," amevuka taaluma yake. Anayesema, "Mama, wiki hii nimemwita mara nyingi akiwa amenipa mgongo na hakugeuka, naomba tumpeleke akapimwe masikio," amefanya kazi yake, na huenda amemwokolea mtoto miaka.

Kuhusu zawadi, tumia busara. Mzazi akileta mafungu mawili ya mahindi wakati wa mavuno, kuyakataa ni kumvunjia heshima. Tatizo huanza pale zawadi inapobadilisha mahali mtoto anapokaa. Masomo ya ziada ya kulipia, yanayotolewa na mwalimu kwa watoto wa darasa lake mwenyewe, yana hatari hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu yanampa mwalimu faida kadiri anavyofundisha kidogo asubuhi.

Wajibu kwa wenzake na kwa jamii

Kwa jamii, mwalimu hutunza heshima ya kazi yake na hushirikiana na kamati ya shule. Hapa hakuna mengi ya kuongeza.

Kwa wenzake kuna jambo zito. Tumelelewa kustahiana, na walimu wanaokaa ofisi moja huazimana chumvi na kufarijiana misibani. Sasa mwalimu mmoja anamwona mwenzake akiwafinya watoto mapajani, mahali ambapo alama haionekani. Watahiniwa wengi huandika: "Atamshauri faragha." Jibu hilo linafaa kwa mwenzako anayechelewa kipindi au kuchati darasani. Halifai pale ambapo mtoto ameshaumizwa, kwa sababu ushauri wa faragha humwacha mtoto mikononi mwa mtu yuleyule kesho yake, na hakuna mtu mwingine anayejua. Kilichodhuru mtoto hupelekwa kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Kama mwenye kosa ni mwalimu mkuu mwenyewe, hupelekwa juu yake, kwa afisa elimu kata au ofisi ya elimu ya halmashauri. Mwandishi wa mada hii anajua si rahisi. Wanaofanya hivyo huitwa wambea na kunyimwa salamu. Liandike hilo kwenye jibu lako, maana jibu linaloonesha gharama ya kutenda haki hushawishi kuliko linalodai haki haina gharama.

Mfano wa kwanza: linaonekana mtanziko, kumbe ni wajibu

Mfano huu ni wa kubuni. Jumatatu asubuhi mwalimu anawanawisha watoto mikono kabla ya uji. Anapomkunja Zawadi mkono wa sweta, mtoto wa miaka mitano, anaona alama tatu za kuungua, zimepangana. Anauliza, "Umefanya nini hapa, mama?" Zawadi anajibu, "Nilikula nyama." Mwalimu hamuulizi tena.

Mchana mama yake Zawadi anakuja kumchukua, anaziona kwamba zimeonekana, na anamvuta mwalimu pembeni.

"Mwalimu, nakuomba kwa jina la Mungu. Baba yake alikasirika tu. Ukisema, atanifukuza, na mimi hapa mjini sina ndugu. Nitawapeleka wapi hawa watoto?"

Mtahiniwa wa haraka huandika kwamba huu ni mtanziko: upande mmoja usalama wa mtoto, upande mwingine siri na amani ya familia. Sivyo. Siri ya familia haifuniki dhara analofanyiwa mtoto. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Mwalimu hana nafasi ya kuchagua kama atasema au hatasema. Kilichobaki mikononi mwake ni namna ya kusema, na hapo ndipo utu wake unapoonekana.

Kwanza, mtoto asihojiwe na kila mwalimu anayepita. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, saa na mahali alama zilipo. "Nilikula nyama" iandikwe hivyohivyo, isigeuzwe kuwa "baba alimchoma kwa sababu ya nyama." Pili, mwalimu mkuu aarifiwe siku hiyohiyo, na kupitia kwake afisa ustawi wa jamii. Kuna pia Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Huduma ya Simu kwa Mtoto kwa namba 116, ambayo haitozwi. Kidonda kikihitaji tiba, hospitali hutangulia yote. Tatu, mwalimu asiende kumkabili baba. Akifanya hivyo, usiku huohuo adhabu inaweza kumwangukia mama na mtoto. Nne, na hili watahiniwa hulisahau kabisa, mama aambiwe ukweli. Mwalimu hamwahidi kunyamaza kisha akaenda kusema nyuma yake. Anaweza kumwambia: "Mama Zawadi, hili siwezi kulinyamazia, nami sitakudanganya. Lakini sitakuacha peke yako. Afisa ustawi nitamweleza na hofu yako hiyo, ili ulinzi uwafikie wote."

Tazama kilichotokea kwenye maneno hayo. Hofu ya mama haikupuuzwa. Imebadilika kutoka sababu ya kunyamaza na kuwa sehemu ya taarifa yenyewe. Mama huyo naye huenda anapigwa.

Mfano wa pili: mtanziko wa kweli

Mtoto wa miaka minne huwang'ata wenzake. Amekwisha kuwang'ata watatu ndani ya wiki mbili, mmoja hadi kutoka damu. Wazazi wamekuja na sharti: aondolewe, la sivyo wao wataondoa watoto wao. Mmoja wao anashauri mwalimu amng'ate na yeye "ili aonje".

Ushauri huo wa mwisho uondoe mezani mara moja. Ni kumdhuru mtoto, na hauhitaji kupimwa. Kilichobaki ni kigumu kwelikweli. Watoto wengine wana haki ya kusoma bila kung'atwa. Anayeng'ata naye ana haki ya kusoma, na akifukuzwa hatajifunza kuacha, atahamishia meno yake kwingine. Mwalimu ana watoto 60 na hawezi kumkalia mmoja siku nzima. Wajibu zote hizi ni halali.

Hapa msahihishaji hatafuti uamuzi mmoja. Anatafuta kama umekusanya habari kabla ya kuamua. Mtoto hung'ata lini? Huenda ni wakati wa kugombea vifaa kwenye kona moja yenye midoli miwili, na midoli mitatu ya vitambaa ikapunguza nusu ya tatizo. Huenda hana maneno ya kusema "nirudishie". Huenda hafiki shuleni akiwa ameshiba. Baada ya hapo mwalimu anaweza kumkalisha karibu naye, kuomba msaidizi kwa saa zile za vurugu, kumfundisha neno la kusema, na kukubaliana na mama yake lugha moja ya nyumbani na shuleni. Wazazi wengine huelezwa hatua za kuwalinda watoto wao, bila kuelezwa siri za nyumba ya mtoto anayeng'ata. Ikibidi apunguziwe saa za kukaa darasani kwa muda, iwe kwa makubaliano na mama yake na kwa tarehe ya kurudi iliyotajwa. Mwanafunzi mwingine anaweza kupanga hatua hizo tofauti na akapata alama zote.

Swali lililojibiwa

Swali: Mwalimu wa awali amewapiga picha watoto kumi ambao wazazi wao hawajatoa mchango wa uji, na kuituma picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi akiandika, "Hawa leo hawanywi." Jadili kitendo hicho kwa kuzingatia maadili ya kazi.

Jibu dhaifu: "Mwalimu amekosea kwa sababu alitakiwa kuwapigia wazazi simu. Pia simu haziruhusiwi darasani. Mwalimu anatakiwa awe mfano wa kuigwa."

Jibu bora: "Mchango ni deni la mtu mzima, lakini aliyeadhibiwa ni mtoto, ambaye hana fedha na hajui kwa nini kikombe kimempita. Kumnyima mtoto wa miaka mitano uji mbele ya wenzake wanaokunywa ni kumdhuru kwa njaa na kwa aibu. Picha ni kosa la pili. Imetangaza umaskini wa familia kwa watu wasiohusika na imevunja wajibu wa kutunza siri. Ikishasambaa haiwezi kurudishwa, na mtoto hakuwa na uwezo wa kuikubali wala kuikataa. Ni kweli mwalimu huenda alikuwa amebanwa, kwa kuwa unga umekwisha na kamati inamdai hesabu. Shida hiyo ilipaswa kupelekwa kwa kamati ya shule, na wazazi kuzungumza nao mmoja mmoja. Sasa anapaswa kuifuta picha, kumweleza mwalimu mkuu alichofanya kabla hajaelezwa na wengine, kuwaomba radhi wazazi kumi, na watoto kupewa uji kesho."

Jibu hilo limetenganisha makosa mawili badala ya kuyarundika, limemtendea haki mwalimu bila kumtetea, na limesema afanye nini sasa. Wengi huishia kwenye lawama, ilhali neno "jadili" linadai uendelee.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya wajibu wa kimaadili na mtanziko wa kimaadili. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka darasa la awali, usiotumiwa katika mada hii.

2. "Mwalimu wa watoto wadogo anahitaji maadili madhubuti zaidi kuliko mwalimu wa sekondari." Je, unakubaliana na kauli hii? Tetea msimamo wako kwa hoja nne.

3. Tofautisha kazi za Tume ya Utumishi wa Walimu na za Bodi ya Kitaalamu ya Walimu.

4. Baba wa mtoto amekuja kumchukua mwanawe akiwa amelewa na ana pikipiki. Jina lake lipo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Eleza hatua atakazochukua mwalimu, na useme kama huu ni wajibu au mtanziko.

5. Mzazi anataka mwanawe wa miaka minne apewe mtihani na kupangiwa nafasi darasani kama kaka yake wa darasa la nne. Mwandikie mzazi huyo barua, ukiwa wewe ndiye mwalimu.

6. Mwalimu msaidizi aliyeajiriwa mwezi uliopita amemwona mwalimu mkongwe, aliyemfundisha yeye mwenyewe utotoni, akimfungia mtoto chooni kwa kupiga kelele. Andika mazungumzo kati ya msaidizi huyo na mwalimu mkuu.

7. Rudi kwenye mfano wa Zawadi. Chukulia kwamba mwalimu mkuu amejibu, "Mambo ya familia tuyaache." Mwalimu wa darasa afanye nini, na afanye lini?